Orodha ya kuhakiki mtihani isiyotaka tiki

Kila mwalimu aliyewahi kukaa kwenye moderesheni, yaani kikao cha kupitia karatasi kabla haijachapwa, ya mtihani wa ujirani mwema, ule unaofanywa kwa pamoja na shule za jirani, anaijua ile fomu. Ina safu tatu, namba, kipengele, na mwishoni NDIYO/HAPANA. Je, maswali yamezingatia mtaala? Je, lugha iliyotumika ni sahihi? Je, maelekezo yanaeleweka? Je, mtihani umehakikiwa? Mwalimu anaipokea saa nane mchana, chai ya saa nne ishaisha tumboni, karatasi za masomo tisa zimelala mezani, bodaboda wa kupeleka flashi steshenari anapiga honi nje, basi anashusha tiki za NDIYO kutoka juu mpaka chini bila hata kunyanyua kalamu, anasaini, anaondoka. Jumatatu asubuhi watoto wa shule sita wanafungua karatasi ya fizikia, swali la 7 linawaambia watumie mchoro namba 2, na mchoro namba 2 haupo popote.

Kinaitwa kikao, fomu inatolewa kwenye faili, na kwenye fomu kila kitu ni NDIYO.

Mimi nafundisha hesabu, na kwenye kundi letu la shule, hii kazi ya kukusanya mitihani na kuipeleka kuchapwa ilishaniangukia zamani, kwa hiyo nimekaa na hizi fomu kuliko ninavyopenda. Msimamo wangu siku hizi ni mmoja tu: kama mstari wa orodha unaweza kujibiwa na mtu ambaye hajafungua karatasi, huo mstari ufutwe. Ukiuliza "je?" utajibiwa ndiyo, sisi ni watu wa adabu. Mstari wa maana unamtaka mtu aandike kitu, namba au herufi au neno, ambacho hawezi kukipata mpaka ameifanyia ile karatasi kazi.

Chukua alama. Fomati ya sasa ya kidato cha nne kwa masomo mengi ya sanaa ni sehemu A alama 16, B alama 54, C alama 30. Zamani mstari wetu ulikuwa "Je, jumla ya alama ni 100?", na hebu niambie nani ataandika hapana. Sasa hivi mstari unasema: jumlisha kwa kikokotozi alama zote zilizochapwa mbele ya maswali, andika A ___ B ___ C ___ jumla ___, alafu fungua mwongozo wa kusahihishia ujumlishe upya zilizoko kule, andika pembeni. Hapo ndo unakuta swali la 5 lina (a) alama 4, (b) alama 3, (c) alama 3, wakati swali zima linatakiwa liwe na 9. Jicho halilioni hilo kosa hata ukisoma mara kumi kwa sababu kila kipande peke yake kiko sawa, mpaka ujumlishe.

Ukurasa wa kwanza nao ni wa hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna mtu anayeutunga. Unakopiwa kutoka mtihani wa mwaka jana. "Mtihani huu una sehemu A, B na C zenye jumla ya maswali kumi na moja (11). Jibu maswali yote katika sehemu A na B na maswali mawili (2) kutoka sehemu C." Mtunzi wa mwaka huu akiamua kuweka maswali mawili tu sehemu C, yale maelekezo ya juu yanabaki vilevile, na mwanafunzi makini, yule anayesoma maelekezo kama alivyofundishwa, anatafuta swali la 11 mpaka anaanza kuhisi kakosa ukurasa. Asiyesoma maelekezo yeye anajibu tu yaliyopo, anatoka na amani yake. Kwa hiyo makosa ya namna hii yanawaadhibu waliokuwa wanafuata tulichowafundisha, ndo kitu kinachoniudhi zaidi. Mstari wetu hapa: hesabu maswali kwa kidole kuanzia mwisho kurudi mwanzo, andika idadi ya kila sehemu, alafu ndo ufungue ukurasa wa kwanza ulinganishe. Kuanzia mwisho ni makusudi kabisa, ukianza na ukurasa wa kwanza ukaona 11 utahesabu 11.

Sasa kuna watu wanasema haya ni matatizo yetu ya flashi na steshenari, wenzetu wenye bodi kubwa hawana. Sio kweli. Mwaka 2017 bodi ya mitihani ya OCR kule Uingereza ilitoa mtihani wa fasihi ya Kiingereza wa GCSE, ule wa vijana wa kama miaka 16, kwenye Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare yenye familia mbili zinazochukiana, Capulet na Montague, ikiwauliza wanafunzi waonyeshe jinsi chuki ya Tybalt kwa akina Capulet inavyochangia yanayotokea mwishoni. Tybalt mwenyewe ni Capulet! Anaowachukia ni akina Montague. Yaani swali lenyewe limebeba kosa ambalo mwanafunzi angeliandika kwenye insha angekatwa alama. Mwaka uliofuata Ofqual, ambao ndo wasimamizi wa mitihani kule, waliwapiga faini ya pauni 175,000. Na ile karatasi haikutoka kwa mtu mmoja usiku na kompyuta yake, ilipita mikononi mwa wataalamu, watu wanaoijua ile tamthilia.

Nadhani kuijua ndo kulikowaponza. Ukilijua jambo sana unasoma kilichokusudiwa, husomi kilichoandikwa. Macho yanaona Tybalt, yanaona chuki, yanaona moja ya zile familia mbili, akili inapanga yenyewe inasonga mbele. Na kila aliyepita alijua kuna mwingine nyuma yake, na aliye nyuma alijua kuna mwingine kabla yake. Hii ya "wengine wameona" ndo mbaya kuliko uzembe, sababu watu wote wanakuwa wamefanya kazi na hakuna aliyeangalia.

Dawa yake kwenye orodha yetu ni mstari ambao walimu wa historia na fasihi waliuchukia mwanzoni: kila jina la mtu, mahali na mwaka ulio kwenye swali, lipigie mstari chini kwa penseli, fungua kitabu, andika namba ya ukurasa ulipolikuta. Usiandike kwamba ni sahihi, andika ukurasa. Mtu anaandika uk. 43, uk. 112, na ukitaka kumhakiki yeye mwenyewe unafungua uk. 43. Mwalimu mmoja alinijia juu akasema amefundisha kile kitabu miaka na miaka, kwa nini afungue. Nikamwambia mkuu, ndo maana tunataka ufungue wewe.

Kwenye hesabu na sayansi nina mstari mmoja ambao ningeambiwa nibaki na mstari mmoja tu ningebaki na huo: mtu ambaye hakutunga aufanye mtihani wote, kwa karatasi ya maswali peke yake, bila makingi skimu (ule mwongozo wa kusahihishia), na aandike muda alioanza na muda aliomaliza. Aufanye kwa kalamu. Kuusoma huku unatikisa kichwa hakuhesabiki.

Uingereza hiyohiyo mwaka 2011 ilikuwa na msimu mbaya sana wa mitihani, karatasi nyingi zilitoka na makosa mfululizo, mojawapo ni hesabu za ngazi ya AS, yaani mwaka wa kwanza wa A-level, ambapo swali la alama 8 kati ya 72 halikuwa na njia ya kutatuliwa kwa namba zilizokuwa zimechapwa. Ukilisoma lile swali liko vizuri tu, lina sura ya swali. Mpaka ukae chini ulifanye ndo unagundua namba hazikubaliani. Maswali ya hivyo ndo yanayokula muda wa mwanafunzi bora kuliko wote, kwa sababu yeye anaamini kosa ni lake.

Alafu kuna ile ya Marekani ya mwaka 1982, kwenye mtihani wa SAT, ule wa kuombea nafasi ya chuo, naipenda mpaka huwa naipeleka darasani. Duara A nusukipenyo chake ni theluthi moja ya nusukipenyo cha duara B. Duara A linabingirika kuzunguka duara B mpaka linarudi lilipoanzia. Limejizungusha mara ngapi? Machaguo yalikuwa 3/2, 3, 6, 9/2 na 9. Haraka haraka unasema 3, mzingo wa B ni mara tatu ya mzingo wa A, imeisha. Jibu ni 4. Halikuwepo kwenye machaguo. Kama huamini chukua sarafu mbili za shilingi mia mbili, shikilia moja mezani, nyingine izungushe pembeni yake bila kuteleza, utaona ile kichwa inajigeuza mara mbili kabla haijarudi, sio mara moja, kwa sababu kitovu chake kinatembea kwenye duara kubwa kuliko lile la chini. Wanafunzi karibu laki 3 walifanya ule mtihani, na walioandika kwa waandaaji kwamba swali lina kosa walikuwa watatu. Watatu. Swali likaondolewa, alama zikapigwa upya.

Mtihani mwingine wa haohao wa Marekani kipindi kilekile uliuliza kuhusu piramidi mbili, moja ya kitako cha mraba na nyingine ya pembetatu nne, pande zote za pembetatu zinalingana, ukizigandisha kwenye uso mmoja wa pembetatu zinabaki nyuso ngapi? Waandaaji wakasema 7, yaani 5 jumlisha 4 toa 2. Mwanafunzi wa miaka 17 huko Florida akasema 5, na akawa yuko sahihi, kwa sababu kuna jozi mbili za nyuso ambazo ukishagandisha zinalala bapa moja na kuwa uso mmoja mmoja. Kata manila, gandisha kwa gundi, utaona.

Kwa nini nasimulia haya? Kwa sababu kwenye yote mawili kumpa mtu maswali pamoja na majibu ahakiki kusingesaidia kitu. Ukishaona 7 kwenye makingi skimu, utatafuta njia ya kufika 7, na njia ipo, ni nyepesi na inashawishi. Kwa hiyo anayefanya mtihani anafanya gizani. Anaandika herufi zake kwenye karatasi tupu, 1 ___ 2 ___ 3 ___, alafu mratibu ndo anachukua makingi skimu na kulinganisha. Na hata hivyo nakubali, ile ya duara ingeweza kupita, maana mtu wa pili naye angesema 3. Orodha haiwezi kumpa mtu ujuzi ambao hana. Inachoweza ni kumnyima nafasi ya kukubali tu.

Kwa maswali ya kuchagua tumeongeza kitu kidogo: aliyefanya anaandika pia kwa kila swali chaguo la pili ambalo karibu alichague, au kistari kama halikuwepo. Hapo ndo maswali yenye majibu mawili yanapokamatwa. Walimu watano wakiandika B na pembeni wote wameandika D, hilo swali rudisha kwa mtunzi hata kama B ndo sahihi.

Na hapa nigusie la heshima, kwa sababu kwenye vikao vyetu ndo linaloficha makosa mengi. Mwalimu mpya, hana hata mwaka kazini, anamwambia aliyemzidi umri, "Madam, samahani, hili la 6 mbona naona B na D zote zinakubali?" Anajibiwa, "We soma vizuri, jibu ni B." Imeisha. Hatasema tena siku hiyo, na ana haki. Karatasi ya herufi inaondoa hicho kitu, kijana hajapinga mtu, kaandika herufi tu kama wengine, na madam akiona herufi za watu watatu zinatofautiana na yake analifungua swali mwenyewe bila kuambiwa. Sisi tunafanya bila majina kwenye hatua hiyo, majina yanaandikwa baadaye.

Watu wa hospitali walishapita hii njia. Shirika la Afya Duniani walitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, ina vipengele 19 tu, inatumika kwa vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatoka chumba cha upasuaji. Kimojawapo ni kila aliyepo ndani ataje jina lake na kazi yake, kwa sauti. Walijaribu kwenye hospitali nane duniani, na moja ilikuwa hapahapa kwetu, Mtakatifu Francis pale Ifakara, nyingine zikiwa kwenye miji kama London, Toronto na Manila. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, vifo kwenye hizo hospitali kwa pamoja vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 mpaka 7.

Sasa watu wengi wanaishia hapo, wanasema mnaona, orodha inafanya kazi, leteni orodha. Lakini mwaka 2014 ulitoka utafiti mwingine wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Canada, ambako ilikuwa imeshakuwa lazima kutumia orodha, na ripoti za hospitali zenyewe zilionyesha inatumika karibu kila mahali. Vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla na 0.65 baada, tofauti ambayo kitakwimu haisemi kitu. Watu wamebishana sana kwa nini. Mimi nikisoma naiona ile fomu yetu ya NDIYO/HAPANA tu. Agizo limetoka juu, fomu imejazwa, asilimia karibu 100 wametii, na mtu aliyeijaza labda alikuwa anaangalia saa.

Nilichoiba kwa watu wa upasuaji ni vile vituo. Orodha yetu ya zamani ilikuwa moja ndefu, kurasa mbili, inajazwa siku ya moderesheni. Shida ni kwamba makosa mengi ya shule zetu yanaingia baada ya moderesheni. Karatasi imepitishwa, safi, inatumwa kwa WhatsApp kama faili la Word, inafunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari yenye Word ya zamani na fonti nyingine, na huko mambo yanaanza. 10 kwa kipeo cha 5 inakuwa 105. Vile vinamba vidogo vya kemia vinapanda juu au vinapotea. Alama ya kutoa iliyokuwa mwisho wa mstari inabaki peke yake na namba yake inaruka mstari wa chini, mtoto anasoma 8 badala ya hasi 8. Milinganyo inageuka viboksi. Jedwali linakatika katikati, nusu ukurasa wa 3 na nusu ukurasa wa 4. Na kijana wa steshenari akiona kitu kimekaa vibaya anakirekebisha kwa wema wake, anavyoona yeye, na hapo ndo Mungu atusaidie.

Kwa hiyo sasa tuna orodha fupi nne badala ya ndefu moja, kila moja inakaa nusu ukurasa. Ya kwanza ni ya mtunzi kabla hajatuma, ya pili ya moderesheni, ya tatu kabla ya kuchapa (tuma PDF, usitume Word, hilo halina mjadala), na ya nne, ambayo ndo nzito, ya kopi ya kwanza inayotoka kwenye mashine ya kurudufu kabla hazijatoka nyingine mia nne. Kopi ya kwanza inasomwa na mtu mwenye kalamu nyekundu hapohapo amesimama pembeni ya mashine. Sio kwenye skrini. Mstari wa kwanza wa hiyo orodha: kila sehemu maandishi yanaposema mchoro, jedwali, ramani au picha, weka kidole juu ya hicho kitu, andika uko ukurasa wa ngapi.

Jiografia wana mstari wao peke yao na niliufurahia sana, aliuleta mwalimu wa jiografia mwenyewe. Ramani za topografia tunazotumia ni za 1:50,000, yaani sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita 1 ardhini. Sasa steshenari anachukua kipande cha ramani, anakipunguza kidogo kikae kwenye A4, kinapendeza. Ile 1:50,000 iliyoandikwa chini inabaki ileile wakati ramani imeshasinyaa! Mtoto anapima barabara kwa uzi, anazidisha kama alivyofundishwa, anapata urefu ambao si wa kweli, na makingi skimu ilitengenezwa kwa ramani halisi kwa hiyo anakoseshwa. Kipimo mstari, ile rula iliyochorwa, hakina shida, kinasinyaa pamoja na ramani. Mstari wa orodha: weka rula kwenye kopi iliyochapwa, pima mraba mmoja wa gridi, andika sentimita ___. Isiposoma 2.0, uwiano ufutwe kwenye ramani kibaki kile kipimo mstari peke yake, na aliyetengeneza makingi skimu apime upya kwenye kopi hiyohiyo.

Kwa darasa la saba kuna la tafsiri, kwa kuwa shule za mchepuo wa Kiingereza zinafanya mtihani uleule kwa Kiingereza. Hapa tunaweka watu wawili, mmoja anashika ya Kiswahili anasoma namba tu kwa sauti, mwingine anafuata kwenye ya Kiingereza. Namba tu, sio sentensi. Ukisoma sentensi unanogewa na lugha, namba inakupita.

Sasa utajuaje yamebaki mangapi? Hapa niruhusuni mambo ya hesabu kidogo. Mwanahisabati George Pólya aliandika mwaka 1976 kuhusu wasomaji prufu wawili, yaani watu wa kutafuta makosa kwenye maandishi kabla hayajachapwa. Wape watu wawili karatasi ileile, kila mmoja peke yake, wasionyeshane. Wa kwanza kapata makosa 12, wa pili 10, na yaliyoonekana na wote wawili ni 8. Makadirio ya makosa yote ni 12 mara 10 gawa kwa 8, yaani 15. Mliyoyakamata jumla ni 14, kwa hiyo limebaki kama 1. Haya, badilisha kitu kimoja tu, yaliyofanana yawe 4. Makadirio yanakuwa 30, mmekamata 18, kuna kama 12 bado yamelala mle ndani. Ni makadirio, na yanataka wale wawili kweli wasiwe wamesaidiana, lakini kwa mratibu ni dhahabu, kwa sababu yanakuambia karatasi ipi irudi ikasomwe tena na ipi iende. Tumeiweka kwenye orodha ya moderesheni kama visanduku vitatu na mgawanyo mmoja. Walimu wa lugha walilalamika kidogo wakazoea.

Kuna mtu alishauri tupande makosa ya makusudi matatu kwenye kila karatasi tuone kama mhakiki atayakamata. Wazo lina akili ila nilikataa, maana najua tulivyo, siku moja litasahaulika kutolewa na tutakuwa tumejitungia kosa wenyewe.

Na kosa likitokea hata baada ya yote? Litatokea. Hapo kuna karatasi nyingine ndogo ya msimamizi wa chumba, na kubwa kwenye hiyo ni asirekebishe mwenyewe. Ukiruhusu kila msimamizi arekebishe, shule sita zitakuwa zimefanya mitihani sita. Apige simu kwa mratibu, aandike saa, tangazo moja liende shule zote kwa maneno yaleyale. Likishindikana swali linafutwa kwa wote na alama zinapigwa upya juu ya zilizobaki, ambayo sio haki kamili, naelewa, aliyepoteza dakika 20 kwenye lile swali harudishiwi hizo dakika, na aliyeliruka anafaidika. Kuwapa wote alama za bure nako kuna ubaya wake. Sijaona njia safi, ndo maana nguvu nyingi naziweka kwenye kopi ya kwanza ya mashine.

Kila kosa linaloponyoka linaandikwa kwenye daftari, na mwisho wa muhula tunakaa kuangalia lilipita kituo gani. Sharti letu ni mstari mmoja ukiingia mmoja unatoka, nusu ukurasa ibaki nusu ukurasa, vinginevyo baada ya miaka miwili tutarudi kwenye kurasa mbili na tiki. Umetoka mstari wa kuangalia namba za kurasa za mtihani wenyewe kwa sababu siku hizi zinaingia zenyewe, ukaingia wa gridi ya ramani. Mwalimu wa Kiswahili bado anadai mstari wa tahajia na ananikumbusha kila tukikutana, nimemwambia aniletee ni kitu gani mhakiki atakiandika kwenye ile nafasi iliyo wazi, asiniletee "je, tahajia ni sahihi", akikipata nautoa wowote ule anaoutaka yeye nauweka wake.